Kitambaa Ambacho Hakikufunguliwa

Kuanyin, 9 Machi 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Na Baba Mkubwa umfikishie shikamoo yangu sikioni, polepole, asije akadhani nimemsahau. Hapa bwenini tu wazima. Upepo wa baharini haujatulia tangu mwaka mpya. Nguo nikizianika asubuhi, jioni nazikuta na chumvi. Zile karanga za sukari ulizonitumia zilifika, lakini wenzangu wa chumbani walizimaliza kabla sijavua viatu. Wanasema kama Hsinkang yote ina watu wakarimu hivyo, watakuja kuolewa huko.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Simu yenu iko kando ya kitanda, na masikio ya Baba Mkubwa ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa haujakigusa. Hili sitaki alisikie.

Kazi yangu hapa maabara ni kuua vibao. Kiwanda chetu kinachukua kitambaa cha kioo mnachofuma ninyi huko, kinakilowesha gundi, kinakigandamiza pamoja na shaba, na wateja wanakitoboa matundu na kukifanya vibao vya saketi. Mimi nachukua vibao vichache, navifungia katika kabati la joto na mvuke, napitisha umeme, nasubiri vife. Kibao kizuri hukaa siku arobaini na zaidi. Mwezi uliopita niliweka ishirini. Cha kwanza kilikufa siku ya tisa. Kufika siku ya kumi na nne, vibao kumi na saba vilikuwa vimekwisha.

Nikavikata, nikavisugua, nikaviweka chini ya hadubini. Kitambaa ni kilekile tulichoagiza: hesabu ya mtande, nyuzi za urefu, sawa, hesabu ya mshindio, nyuzi za upana, sawa, uzito sawa. Ila hakikufunguliwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha hili nikiwa shule, ukinionyesha kwa tambi. Kitambaa kikishafumwa, hupita chini ya maji yanayopiga kwa nguvu, kila uzi ukatandazika, na zile nywele mia mbili za kioo ndani yake zikaachana ili gundi ipite katikati. Hizi nilizoziona zimekaa duara, zimebanana kama tambi mbichi zilizofungwa kamba. Gundi imezunguka nje tu. Ndani kumebaki njia nyembamba, na kati ya uzi na uzi kuna madirisha wazi. Unyevu ukiingia njia ile, shaba inatambaa humo kutoka tundu hadi tundu. Siku inapogusana, kibao kinakufa.

Lebo za marobota zinasema ni kitambaa kilichofunguliwa. Ni za kiwanda chenu, za Oktoba. Je, mashine ya maji iliharibika mwezi ule?

Nauliza kwa sababu mzigo ule haukwenda kwenye redio wala mashine za michezo. Ulikwenda kwa watengenezaji wa mashine za kupumulia. Na jambo lingine moja, Mama Mkubwa: mashine ya Baba Mkubwa imetengenezwa na nani? Tazama bamba la jina ubavuni.

Wako,
Yi-fang


Hsinkang, 30 Machi 1998

Mwanangu Yi-fang,

Marahaba. Barua yako nimeipata siku nyingi, mikono ndiyo haikupata nafasi. Kuku wawili wamekufa kwa baridi. Kabeji za chumvi zimeiva vizuri mwaka huu, nitakuwekea mtungi. Kaburi la mama yako nitalifyeka mwenyewe sikukuu ya makaburi ikifika, usijisumbue na safari, treni zitajaa. Tangu mdogo wangu alipokuacha mikononi mwangu na miaka yako minne, sijakosa hata mwaka mmoja, na mwaka huu sitakosa.

Baba yako mkubwa anaendelea vizuri. Asubuhi namsomea gazeti. Nikikosea kusoma jina la mtu anafumba jicho mara mbili, yaani rudia. Mwalimu ni mwalimu, hata akiwa hawezi kuinua kidole.

Kuhusu mashine yake usiwe na wasiwasi, ni ya Kijerumani.

Mambo ya kiwandani mimi siyajui. Nakaa kwenye meza ya taa, kitambaa kinapita juu ya mwanga, natafuta uzi uliokatika na doa la mafuta. Ya maji ni chumba kingine. Meneja Yeh ni mtu mwema, unakumbuka ni yeye aliyezungumza na hospitali Februari tukapata mashine mbele ya watu waliokuwa wakingoja tangu mwaka juzi. Alisema, "Dada Hsiu-luan ametutumikia miaka ishirini na sita, mumewe hatasongeka nikiangalia." Mtu wa namna hiyo hatafutiwi makosa.

Kula vizuri. Usikae sana karibu na hilo kabati la mvuke, litakuharibu kifua.

Mama yako mkubwa,
Hsiu-luan


Kuanyin, 12 Aprili 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa kaburi la mama. Siku ile niliwasha udi dirishani, nikaelekea kusini, mwenzangu wa chumbani akauliza kama nawafukuza mbu.

Nimefurahi kusikia kwamba mashine ni ya Kijerumani. Nililia kidogo, sijui kwa nini, mtu hulia kwa habari mbaya.

Lakini nina hofu nyingine sasa, na sina mwingine wa kumwambia. Jumatatu nilikuta droo yangu tupu. Vipande vyote nilivyovikata vimeondoka, na daftari langu limechanwa kurasa sita. Injinia Pan, mkuu wetu, aliniita akafunga mlango. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinimiminia chai, akasema, "Kabati lako lilikuwa na hitilafu. Joto lilizidi. Nimeshaandika hivyo." Nikamwambia nililipima kila siku na halikuzidi. Akasema, "Yi-fang, una miaka ishirini na saba. Mzazi wako mmoja ni mgonjwa, mwingine bado anafanya kazi kwa hao waliotuuzia. Unafikiri umesimama wapi?"

Alijuaje habari zenu? Sijamwambia mtu.

Tangu siku hiyo mlinzi wa lango ananiuliza ninakokwenda nikitoka kununua sabuni. Barua yako ya Machi niliipokea ikiwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa wali. Naanza kuitazama meza yangu kila nikirudi kutoka msalani. Usingizi ninao, lakini naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Kuna vipande vitatu hawakuvipata. Viko ndani ya kopo la chai. Sitasema ni lipi.

Mashine zilizotengenezwa kwa mzigo ule ni sitini na nne. Nimeiona karatasi. Sitini na nne, kila moja na mtu wake kitandani, na masika ya mvua ndefu yanakuja.

Sasa nakuuliza jambo moja, nijibu hilo tu. Muhuri wa ukaguzi kwenye lebo zile ni namba saba. Namba saba ni ya nani?

Yi-fang


Hsinkang, 3 Mei 1998

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza mapema. Ukuta wa jikoni umeota ukungu mpaka usawa wa bega langu. Goti linanisumbua, nimeomba likizo kiwandani, sasa nashinda nyumbani na baba yako mkubwa, tunasikiliza opera redioni. Yeye anapenda, mimi navumilia.

Barua zangu zichome. Zako nimezichoma. Kazi yako ni nzuri na uliipata kwa akili yako mwenyewe, usiitupe. Mkubwa akisema kabati lilizidi joto, basi lilizidi. Mdomo uliofungwa hauingiwi na nzi.

Nilitaka kukuuliza kitu, kwa sababu tu mvua zinanifanya nifikirie mambo. Kibao cha namna ile kikiwa ndani ya mashine, hufa ghafla au hutoa dalili kwanza? Mashine huanza kukoroma, au taa kucheza? Na mtu akiweka kifaa cha kukausha hewa chumbani, kifanye kazi mchana kutwa, inasaidia? Na ikizimika, si kuna king'ora?

Usifikirie sana. Ni maswali ya mtu asiye na kazi.

Mtungi wa kabeji utakuja na jirani mwenye lori.

Hsiu-luan


Kuanyin, 20 Mei 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kwenu Jumapili. Treni ilijaa, nilisimama mpaka Hsinchu. Mtungi wa kabeji, ule ambao sikumngoja jirani aulete, niliubeba mikononi kama mtoto.

Tulikaa saa sita pamoja, tukaongea habari za kuku, za ukungu, za binti wa jirani aliyeachika. Baba Mkubwa alinitazama muda wote. Hatukulitaja lile, si wewe, si mimi. Sasa niko mbali nalo, naweza kuliandika.

Ubavuni mwa mashine ulitundika taulo. Lile la maua ya mitende, la harusi yenu, lisilotumika. Ulipokwenda jikoni kuchemsha supu, niliweka mkono juu yake. Nilihisi bamba la jina chini ya kidole. Ningeinua kidogo tu. Baba Mkubwa alikuwa ananitazama, na sijui kama macho yake yalikuwa yakisema inua au acha. Supu ikachemka, ukarudi, nikauondoa mkono.

Niliogopa, Mama Mkubwa. Nilisema moyoni, nikiona itakuwa kweli.

Nayajibu maswali yako. Hakuna dalili. Hakuna mkoromo, hakuna taa inayocheza. Kwenye kabati langu kibao kilikuwa kizima saa tatu kamili, na saa tatu na dakika moja kilikuwa kimekufa. Kukausha hewa kunasaidia, hakuponyi. Unyevu ulioingia tangu mwanzo umeingia. Na king'ora ndicho kinachonifanya nishindwe kula. Katika mashine hizi, za mzigo ule, king'ora kinapata umeme kupitia kibao hichohicho. Kikifa, vinakufa pamoja.

Kwa hiyo kama mtu ana mashine kama hiyo nyumbani, asitoke. Ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, wa kubana kwa mkono, awe nao karibu, asiuweke kabatini. Asikilize. Usingizi apokezane na mtu.

Nimekupigia simu mara tatu tangu nirudi. Mara ya pili uliinua ukasema, "Umekosea namba," kwa sauti ambayo ningeijua hata ndani ya maji. Kabla hujaweka chini nilisikia nyuma yako mashine inavuta, inatoa. Inavuta, inatoa. Nilikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya wewe kukata.

Nijibu. Hata kwa neno moja.

Yi-fang


Hsinkang, 14 Juni 1998

Mwanangu Yi-fang,

Marahaba, na unisamehe. Baba yako mkubwa yuko hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki. Yuko hospitali Chiayi, kwa mashine yao, na mimi naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido.

Namba saba ni mimi. Ulijua. Ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa unachezea wino wa muhuri ule, ukajipiga saba usoni.

Pampu ya mashine ya maji ilipasuka tarehe mbili Oktoba. Kifaa cha kubadilisha kilitakiwa kitoke Japani, wiki tatu. Oda ilikuwa inadaiwa. Siku ya kwanza robota lilipita juu ya meza yangu ya taa, nikaona madirisha. Mtu yeyote wa kazi hii angeyaona, mwanga ulikuwa unanimwagikia machoni kama kwenye wavu wa samaki. Nikasimamisha. Meneja Yeh akaja mwenyewe. Akasema, "Dada, nyuzi ni zilezile?" Nikasema ndizo. "Uzito ni uleule?" Ndio. "Basi huyo mnunuzi atapima nini?" Nikacheka. Hilo ndilo linalonirudia, kwamba nilicheka. Nikapiga muhuri marobota mia moja na kumi na nane.

Februari alipotupatia mashine niliona ni mtu mwema. Machi barua yako ilifika. Nikalisoma bamba ubavuni, na ndipo nikajua kilichokuwa kinampa mume wangu pumzi. Kijerumani ilikuwa neno la kwanza lililonijia. Nilifikiri: nikisema, mashine itachukuliwa, na nyingine hakuna, kuna watu arobaini mbele yetu. Nikinyamaza, labda kibao cha mashine yetu kitakuwa kama vile vitatu vilivyobaki hai kati ya ishirini vyako. Nilihesabu hivyo kila siku. Goti langu halina ubaya wowote. Niliomba likizo ili nikae nisikilize.

Jumatatu tarehe nane mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa tisa mchana nilikuwa naosha mchele, mlango wazi, yeye namwona miguu. Sikusikia kitu. Namaanisha kweli, sikusikia kitu, hata pumzi ya mashine, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji kabla akili haijaelewa. Taa ya mashine ilikuwa imezimika. King'ora kimya, kama ulivyoniandikia. Mfuko ulikuwa juu ya mto wake, wiki tatu haujatoka hapo. Nikachomoa bomba, nikaunga mfuko, nikabana.

Simu niliipiga kwa kidole kimoja, nimeishika kwa shingo. Wakasema barabara ya mashamba ya miwa imefunikwa na maji, watazunguka. Walikuja baada ya saa moja na dakika ishirini.

Mtu hawezi kukaa saa nzima akimtazama mumewe machoni na asiseme kitu. Nilimwambia yote. Nikibana nasema neno, nikiachia nanyamaza. Pampu. Muhuri. Yeh. Barua zako. Taulo. Alinitazama bila kufumba. Vidole vyangu vilikufa ganzi, nikabana kwa viganja, kisha kwa viwiko. Niliogopa kwamba nikimaliza kusema nitakuwa sina nguvu ya kubana tena, kwa hiyo nilipomaliza nilianza upya, tangu pampu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ni maelezo yangu: tarehe, namba za marobota yote mia moja na kumi na nane, nilizinakili kutoka daftari la meza kabla sijaondoka. Nimetia sahihi na nimepiga muhuri namba saba. Nakala nimewapa daktari hapa na watengenezaji wa mashine. Hii ni yako. Iweke pamoja na vile vipande vitatu, ulivyoficha, nadhani, kwenye kopo la chai ya shayiri maana hiyo huinywi.

Uwapelekee wanaohusika wote. Injinia wako akikuuliza umesimama wapi, mwambie umesimama na mimi.

Hsiu-luan


Taoyuan mjini, 2 Julai 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Anwani imebadilika, umeona. Nalala kwa rafiki, kwenye sakafu ya chumba cha juu ya duka la tambi, nanuka mafuta ya ufuta mpaka nywele. Kiwandani walinipa dakika kumi kufungasha. Mlinzi wa lango, yule niliyemwogopa, alinibebea sanduku mpaka kituoni.

Vipande vitatu na karatasi yako nilivipeleka mwenyewe kwa watengenezaji. Wazee watano walikaa mezani. Mmoja aliweka kipande chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu, akasogea, akampisha mwenzake. Hakuna aliyebisha. Mlango ulipofunguliwa nilisikia mtu anaagiza magari kwa simu.

Mashine zimekusanywa kutoka hospitali kumi na moja na nyumba ishirini na tisa. Ndani ya baadhi walikuta shaba imeshaanza kutambaa kwenye vibao, bado kidogo igusane. Meneja Yeh amehojiwa. Injinia Pan ameandika kwamba kabati halikuwa na hitilafu. Sijui kama alijuta au aliogopa, na nimeona sihitaji kujua.

Nimekaa na barua hii siku nne nikijiuliza kama niandike sehemu ifuatayo. Wewe ulinificha ukidhani unanilinda. Sitakufanyia hivyo.

Zilikuwa sitini na nne. Zimerudi sitini na tatu na moja. Hiyo moja ilirudishwa mapema, kabla hawajaiita, na familia iliyosema haihitajiki tena. Ni Chiatung, huko kwenye mabwawa ya samaki. Mama wa miaka sitini na moja. Alifariki tarehe 22 Mei. Walidhani ni ugonjwa wake. Sasa wameambiwa.

Tarehe 22 Mei, Mama Mkubwa. Siku mbili baada ya kukuandikia. Siku tano baada ya mimi kuweka mkono kwenye taulo. Kwa hiyo si mzigo wako peke yako, na usijaribu kuubeba peke yako.

Anwani yao ninayo. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii, ukitaka usiigeuze.

Yi-fang


Hsinkang, 26 Julai 1998

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mkubwa amerudi nyumbani na mashine nyingine, kubwa, ina kelele kama jogoo mzee. Mpwa wake hukaa naye nikitoka. Kiwandani nimeondolewa, kesi itatajwa mwezi wa kumi, mwanasheria anasema nitaitwa shahidi na huenda nikaitwa kitu kingine pia. Kuku waliobaki wanataga.

Niliigeuza karatasi.

Nilikwenda Chiatung Alhamisi. Tangu nishuke kwenye basi miguu ilikuwa inataka kurudi. Nilisimama nje ya kibanda cha barafu, nikanunua ambayo sikuila. Nimeogopa mambo mengi mwaka huu, ila lile lango la bati lilinishinda yote. Mwana mkubwa wa marehemu ndiye aliyefungua. Nikamwambia jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyepiga muhuri. Alinitazama viatu, kisha uso.

Akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Kwamba kitambaa ni kibaya, Oktoba. Kwamba kiko ndani ya mashine, Machi."

"Machi," akasema. Akalifungua lango zaidi. Kisha akasema, "Mwambie baba. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Baba yake, Mzee Hung, alikuwa anakarabati wavu. Nikamwambia yote, nimesimama, hakunikaribisha kiti na sikustahili. Alisikiliza mikono yake ikiendelea na kazi. Nilipomaliza akaniambia ilivyokuwa siku ile. Mvua ilikuwa kubwa, gurudumu la kuchapa maji bwawani, linalowapa samaki hewa, likanasa magugu, akatoka kulinasua. Anasema dakika kumi na tano. Aliporudi mkewe alikuwa macho wazi, anatazama mlango.

Kisha akaniuliza, "Mumeo anaweza kuongea?"

Nikamwambia tuna ubao wa herufi, napitisha kidole, anafumba jicho kwenye herufi anayoitaka.

"Umemuuliza ilikuwaje, pale iliponyamaza?"

Nilikuwa nimemuuliza. Hukulijua hili, sikukuandikia. Ilimchukua mchana mzima kulijibu, herufi kwa herufi. Alisema hajawahi kuogopa hivyo maishani, kwamba kila kitu ndani yake kilipiga kelele na hakuna kilichotoka, na kwamba hofu ilipungua pale tu alipouona uso wangu juu yake.

Mzee Hung alikuwa amesimamisha mikono, anangoja.

Nikamwambia mume wangu alisema ilikuwa kama usingizi. Kwamba macho yanalemea, basi. Akaniuliza, "Hakuogopa?" Nikasema hapana, hakuogopa. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akashika tena wavu.

Mvua ilikuwa imeanza. Mwanawe akachukua mwavuli akanisindikiza kituoni. Basi lilipoonekana mbali akauliza, bila kunitazama, "Ulichomwambia baba. Ni kweli?"

Nikasema, "Si kweli."

Basi lilikuja, likasimama, mlango ukafunguka. Aliendelea kunishikia mwavuli mpaka nilipopanda, na alipougeuza kuondoka niliona upande wake wa bega umelowa wote.

Mama yako mkubwa,
Hsiu-luan